Paa la Landrova Si Cheti cha Kuzaliwa

Ukitaka kumuudhi mwenye Landrova ya zamani hapa Arusha, mwambie paa hilo si la gari hilo. Mara nyingi utakuwa umesema kweli, na ndiyo sababu ataudhika.

Ngaramtoni panafaa sana kwa uchokozi wa aina hiyo. Mji huu mdogo uko kwenye barabara ya Namanga, kaskazini-magharibi mwa jiji, miguuni pa Mlima Meru. Siku za soko, Alhamisi na Jumapili, Landrova kuukuu zinazobeba watu, mbuzi na magunia ya viazi husimama pamoja na zile zilizofufuliwa, zenye rangi mpya na keria mpya, ambazo hazibebi chochote isipokuwa heshima ya mwenyewe. Dalali akifika, hugonga paa kwa kiganja na kutaja mwaka. Hagongi chasisi, maana chasisi iko chini na kuna tope. Mwaka unaotajwa hutegemea sana mavazi ya mnunuzi.

Ulaya na Marekani ubishi wa mapaa una wenyewe, nao ni watu wa magari ya michezo ya zamani: yale ya viti viwili yenye turubai la kukunja, ambayo kiwanda kiliyauza pia na paa gumu la kuvaa wakati wa baridi. Watu wazima wenye kazi zao za maana hukaa jioni nzima wakibishana kuhusu upana wa kioo cha nyuma cha MGB, kwa sababu mbali na paa la kiwandani kulikuwa na kampuni binafsi zilizotengeneza mapaa ya faiba ya gari hilohilo. Triumph TR4 ya 1961 ilikuja na utaratibu wake: kioo cha nyuma kilibaki mahali pake na kipande cha katikati tu ndicho kilichong'oka. Mercedes 230 SL ya 1963 ina paa lililobonyea katikati, likapewa jina la utani la Pagoda, na Wajerumani, kwa kuwa ni Wajerumani, waligonga namba ya bodi kwenye paa lenyewe. Hapo ubishi huisha kwa kuinama na kusoma.

Hapa kwetu gari la michezo linalofaa ni lile linaloweza kutoka lami na kufika vijiji vya juu mwezi wa Aprili. Kwa hiyo tunabishana kuhusu Landrova. Hoja ni ileile, ila ni ngumu zaidi, maana Solihull, kiwandani kwa Landrova kule Uingereza, hawakuwa na tabia ya Wajerumani. Namba ya Landrova iko kwenye chasisi na kwenye kibati ndani ya gari. Paa halina namba ya kulifunga kwa gari lolote. Likishang'oka, linakuwa mali ya yeyote mwenye spana.

Na lilitengenezwa ling'oke. Gari lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, lilikuwa la wazi, lenye turubai. Chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, basi bodi ikatengenezwa kwa Birmabright, mchanganyiko wa aluminiamu na magnesi. Mapaa magumu yalikuja baadaye kama nyongeza, na muundo wake ukabaki ule wa nyongeza hadi mwisho. Bati la juu hulala juu ya kuta za pembeni na kufungwa kwa bolti zinazopita chini ya mfereji wa maji, raba ikiwa katikati. Mbele limefungwa kwenye fremu ya kioo. Kuta nazo zimefungwa kwenye kingo za bodi. Ukiondoa kutu, hakuna kinachozuia watu wanne kulivua paa lote asubuhi na kulivisha gari jingine kabla ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo swali la "hili ni paa la mwaka gani?" ni swali moja, na "hili ni gari la mwaka gani?" ni swali la pili. Anayeyachanganya atadanganywa, au atadanganya bila kukusudia. Paa lisomwe peke yake, kisha gari lisomwe peke yake, halafu ndipo tuulize vimekutanaje.

Tuanze na urefu, maana huo hauhitaji utaalamu. Kati ya 1958 na 1985, Landrova za Series II, IIA na III zilikuwa za aina mbili kubwa: chasisi fupi ya inchi 88, yenye urefu wa takriban mita 3.62 kutoka pua hadi mkia, na chasisi ndefu ya inchi 109, takriban mita 4.44. Mbele ya viti vya abiria magari haya yanafanana. Tofauti yote iko nyuma. Paa la ndefu halikai juu ya fupi, ila likikatwa linakaa, na mafundi wetu hawaogopi msumeno. Ukiona mstari wa ribiti unaopita paa kwa upana, kutoka mfereji hadi mfereji, mahali ambapo hakuna mlango wala ukuta chini yake wa kuuhitaji, umeona paa lililofupishwa au kurefushwa. Kiwanda kilitoa bati la juu likiwa kipande kimoja. Rangi huficha mstari huo kwa nje. Ndani, kama kitambaa cha dari hakipo, hauna pa kujificha.

Baada ya urefu, tazama kama bati ni laini au lina mikunjo. Mapaa ya Series ni laini, yamebinuka kidogo tu. Yale ambayo macho ya vijana yamezoea, yenye matuta marefu yanayokimbia kutoka mbele kwenda nyuma ili bati lisitetemeke, ni ya kizazi kilichoanza na One Ten mwaka 1983, kikafuatwa na Ninety mwaka 1984, na kupewa jina la Defender mwaka 1990. Kizazi hicho kilikuja pia na kioo cha mbele cha kipande kimoja, kirefu kuliko vile viwili vya zamani. Hapo ndipo mapaa yaliyohamishwa hujisema. Paa la 109 likivikwa 110, au la 110 likivikwa 109, pembe za mbele zinakataa kukutana na fremu ya kioo bila kulazimishwa, na kulazimisha huacha alama: raba mbili zilizopandana, mbao nyembamba iliyopakwa rangi, au kijito cha maji kinachomwagikia dereva kwenye goti. Mwenye gari atakwambia Landrova zote zinavuja. Ni kweli zinavuja, lakini kila moja ina mahali pake pa kuvujia, na goti la dereva ni mahali pa kuuliza maswali.

Ndani ya miaka ile 27 ya Series II hadi III, paa lenyewe karibu halisemi kitu. Hili ndilo jambo ambalo madalali hawataki lisikike. Paa laini la chasisi ndefu laweza kuwa la 1960 au la 1980, na linakaa sawasawa juu ya gari la mwaka wowote kati ya hiyo. Mabadiliko ambayo watu hutumia kutaja umri yote yako kwingine: taa za mbele zilihamia kwenye mabawa mwishoni mwa miaka ya 1960, grili ya plastiki ilikuja na Series III mwaka 1971. Navyo hivyo vinafunguka kwa bolti. Nimeona 109 yenye uso wa Defender, na hakuna aliyekuwa akimficha yeyote kitu. Mwenyewe aliona uso ule unapendeza zaidi.

Series I ni habari nyingine. Ubavu wake umenyooka kama ukuta. Ule ubavu wenye tumbo, uliochorwa na David Bache, ulianza na Series II mwaka 1958. Lakini tumbo lile liko kwenye bodi, chini ya mstari wa madirisha, kwa hiyo anayetazama paa peke yake halioni. Kinachosaidia ni kibini cha pikapu, kwa sababu nacho ni aina ya paa la kung'oa: cha Series II na zilizofuata kina vioo vya pembeni vilivyopinda kwenye kona za nyuma, ambavyo cha Series I hakina. Nchi hii ilikuwa ya pikapu kabla haijawa ya watalii, na vibini vya aina hiyo bado vipo, vingine vikitumika kama kivuli cha kuku.

Sasa tuje kwenye paa ambalo hapa Arusha watu wanalipenda kuliko yote, lile la mabati mawili. Waingereza waliliita la tropiki, nalo kwa kawaida lilikuja na stesheni wagoni, ingawa aina nyingine nazo ziliweza kuagizwa nalo. Juu ya bati la kawaida huwekwa bati la pili, likiinuliwa kidogo ili hewa ipite katikati. Bati la juu linakula jua, la chini linakaa kivulini, na gari likitembea upepo unafagia joto lililobaki. Katika dari kuna matundu yenye vifuniko, ya kufungua ili hewa ya ndani itoroke kupitia uwazi huo. Ni fizikia ya nyumba ya makuti, na inafanya kazi. Hata kwa Ngaramtoni, iliyoko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari na ambako Julai shida si joto, bati la pili lina faida yake: aluminiamu tupu hupoa usiku, pumzi za abiria wa alfajiri hugeuka maji darini, na mvua ndogo hunyesha ndani ya gari huku nje kukiwa kukavu.

Bati hilo la pili pia linang'oka. Ndiyo maana matundu ya dari ni ushahidi bora kuliko bati lenyewe. Bati la juu unaweza kulitengeneza kwenye karakana za Unga Limited, hapa Arusha, kwa siku moja, na watu wanalitengeneza. Matundu yenye vifuniko vyake vya kiwandani ni vigumu zaidi kuyaghushi, na ni wachache watakaoona maana ya kufanya hivyo. Matundu yakiwepo bila bati la pili, hilo ni paa la tropiki lililovuliwa, pengine ili keria ikae vizuri, pengine kwa sababu mti ulilichana. Bati la pili likiwepo bila matundu, jua kwamba mtu alipenda sura.

Stesheni wagoni ina alama nyingine: vidirisha vyembamba vilivyopinda kwenye bega la paa, pale bati linapoteremka kwenda ukutani. Vinapasua paa lenyewe, kwa hiyo paa la stesheni wagoni na paa la gari la mizigo ni mabati mawili tofauti tangu kiwandani, hata kama urefu ni mmoja. Hapa pana mtego mdogo. Vidirisha vikivunjika, kioo chake kilichopinda ni taabu kukipata, na suluhisho la fundi ni kuziba kwa kipande cha bati na ribiti. Paa la namna hiyo likipigwa rangi linaonekana la mizigo. Pitisha mkono ndani ya bega la paa. Utaukuta ukingo wa dirisha lililozikwa. Na kinyume chake kipo: madirisha yaliyokatwa juzi kwa kuwa mnunuzi wa kigeni anayapenda. Ya kiwandani yana kona za mviringo zinazolingana kushoto na kulia. Ya juzi yana bidii tu.

Kwa nini kiwanda kilijisumbua kutengeneza paa la mizigo lisilo na madirisha na la abiria lenye madirisha, kwa gari lilelile? Sehemu kubwa ya jibu iko kwa mtoza kodi wa Uingereza. Stesheni wagoni ya kwanza, ile ya bodi ya Tickford yenye fremu ya mbao iliyotoka kati ya 1948 na 1951, ilihesabiwa kuwa gari la starehe na kutozwa kodi ya manunuzi. Bei ikapanda, wanunuzi wakawa wachache, na leo ni adimu kwelikweli. Gari lenye paa gumu lisilo na madirisha nyuma ya dereva lilihesabiwa la kazi, likasamehewa. Mwaka 1962 ikaja 109 ya viti 12, kwa sababu gari la viti 12 ni basi, na basi halikutozwa. Anayeshangaa kwa nini watu 12 walipangwa ndani ya gari lenye upana ule asitafute sababu kwa mhandisi. Sisi tuliokuja kupakia 18 hatukuhitaji msamaha wa kodi.

Gari lililochorwa kwa kalamu ya mtoza kodi wa London lilifika Tanganyika likakutana na kazi tofauti kabisa: misitu, mifugo, misheni, wanyamapori, kahawa. Kupanda kidogo tu kutoka Ngaramtoni kuna Olmotonyi, chuo cha misitu kilichoanzishwa 1937. Jirani kuna Selian, hospitali ya Kilutheri na kituo cha utafiti wa kilimo. Taasisi za namna hii ndizo zilizokuwa wateja wa Landrova kote nchini, na kila moja ilihitaji paa la aina yake: ya dawa ilihitaji la kufunga, ya miche ilihitaji turubai, ya wageni ilihitaji madirisha. Gari lilipobadilishwa kazi, paa lilibadilika nalo. Hapo hakuna udanganyifu wowote. Lilitengenezwa kwa ajili hiyo.

Kisha ikaja Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na Namanga haikufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Kampuni ya Leyland ilikuwa inaunganisha Landrova Thika, ng'ambo ya mpaka, kwa vipande vilivyoletwa kwenye makasha. Sisi tukabaki na barabara ya Namanga isiyokwenda popote rasmi. Juu ya hilo kulikuwa na vita vya Kagera, bei za mafuta, na ule ukame wa fedha za kigeni wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambapo hata raba ya mfereji wa paa ilikuwa jambo la kuombea kibali. Magari yalipinduka kama kawaida yake, maana barabara hazikusubiri fedha za kigeni. Na Landrova ikipinduka, kinachokufa kwanza ni paa. Mwenye gari angefanya nini? Alikwenda kwenye gari lililokufa kwa sababu nyingine, lililovunjika gia au kuungua injini, akavua paa lake. Nadhani, bila kuweza kuliweka kwenye mizani, kwamba mapaa mengi "yasiyo yenyewe" tunayoyaona leo yalihama katika miaka ile. Mpenzi wa magari wa Uingereza akiliona paa la namna hiyo ataandika kwenye daftari lake kwamba si sahihi. Angekuwa na haki ya kuandika hivyo kama angekuwa ameleta lililo sahihi mwaka 1981.

Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipobinafsishwa, magari yenye namba za SU yalitoka yadi za serikali kwa mnada, mengine mazima, mengine yakiwa lundo la vipande. Aliyeuziwa chasisi na injini hakuuziwa lazima paa lililokuwa juu yake jana. Yale yaliyotoka pwani, Tanga na Dar es Salaam, yalileta ushahidi wake: chumvi. Birmabright yenyewe haishiki kutu kama chuma, lakini pale inapogusana na fremu ya chuma na unyevu ukaingia katikati, huoza na kutoa unga mweupe, rangi ikafura malengelenge. Paa lenye unga mwingi chini ya mfereji, likiwa juu ya bodi ya chini iliyo kavu na safi, halikukua pamoja na bodi hiyo. Mojawapo limeishi baharini, na Ngaramtoni hakuna bahari.

Rangi nayo isomwe, ila kwa subira na msasa laini. Mapaa mengi ya stesheni wagoni yalitoka kiwandani na rangi nyeupe ya maziwa waliyoiita Limestone, huku bodi ikiwa kijani kibichi cha giza au rangi nyingine. Kwangua mahali pasipoonekana, chini ya raba ya mbele, uhesabu tabaka za paa na tabaka za bodi. Tabaka za juu zitafanana daima, maana ni za mauzo. Linganisha za chini. Bodi yenye tabaka saba na paa lenye tatu hazikuoana siku ya kwanza.

Utalii umeleta sura ya mwisho, na ndiyo iliyonifanya nikose subira na neno "orijino" kama linavyotumika mnadani. Arusha ni mji wa mapaa. Kutoka karakana ndogo za Unga Limited, ambako fundi bodi hufanya kazi chini ya mwembe, hadi kampuni kubwa kama Hanspaul inayounda bodi za magari ya safari, tumekuwa tukikata, kunyanyua na kurefusha mapaa kwa miongo kadhaa. Kuna paa la kufungua madirisha matatu juu, kuna la kunyanyuka lote kwa nguzo nne, kuna lililorefushwa pamoja na chasisi ili siti ya nne ipatikane. Haya nayo yana matoleo yake, yana kipindi chake, na mtu aliyekaa nayo hutambua ni karakana gani iliyofanya kazi kwa kutazama bawaba, namna ribiti zilivyopangwa, na jinsi ukingo wa tundu ulivyokunjwa ili usiwakate wageni. Ni uzalishaji. Tofauti zake zinastahili kuandikwa kwa umakini uleule unaotumika kwa tofauti za Solihull, pengine zaidi, kwa sababu za Solihull zina vitabu na hizi hazina.

Lakini soko linakwenda upande mwingine. Uzalishaji wa Defender ulikoma Solihull tarehe 29 Januari 2016, na tangu hapo kila kuukuu limepata thamani mpya. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Landrova lililolenga rekodi ya msafara wa magari 632 iliyokuwa ikishikiliwa na Ujerumani, na waandaaji walitangaza kuwa yaliyojitokeza yalipita 1,000. Ilikuwa furaha kubwa, na mimi si wa kuinunia. Matokeo yake moja, hata hivyo, ni kwamba mwenye 109 ya kubeba magunia amejua kuwa ana kitu cha kale, na akijua hivyo anaanza kukisahihisha. Tundu la watalii linazibwa. Bati la tropiki linaongezwa. Rangi ya Limestone inachanganywa kwa kukadiria. Paa lililobeba historia yote niliyoieleza linatupwa kwa muuza chuma chakavu, ambaye hulipa kwa kilo, na gari linavikwa paa linalofanana na picha. Tunafuta ushahidi wa kweli ili tupate wa uongo unaopendeza. Wale wenye magari ya michezo Ulaya walipitia hayo kabla yetu. Sasa wanalipa fedha nyingi kutafuta mapaa yaliyochakaa ya kampuni ndogo za faiba ambayo baba zao waliyatupa jalalani.

Toyota wana kesi yao pia, na ni rahisi zaidi. Land Cruiser FJ40, iliyotengenezwa hadi 1984, ina kofia ya faiba juu ya kuta za chuma, na faiba haikunjwi upya na fundi wa nyundo. Ikipasuka inabandikwa, na kibandiko huonekana. Milango ya nyuma, ile ya kufunguka pande mbili au ile ya kunyanyuka juu na nusu ya kushuka chini, inakwambia mengi kuhusu ukuta uliobeba kofia hiyo. Wenye FJ40 Arusha ni wachache na wanajuana, hivyo udanganyifu haulipi.

Kwa anayenunua Landrova Ngaramtoni wiki hii, ushauri wangu ni mkavu. Mwache dalali agonge paa. Wewe inama, kwangua tope, soma namba ya chasisi, kisha uilinganishe na kibati cha ndani. Halafu omba kadi ya gari. Mamlaka ya Mapato huandika humo namba ya chasisi, namba ya injini, mwaka, rangi na aina ya bodi. Kuhusu paa hakuna neno. Lakini hiyo aina ya bodi huwa haisasishwi gari likibadilishwa kazi, kwa uvivu au kwa kukwepa foleni, na kwa sababu hiyo karatasi imehifadhi kile ambacho bati halikuweza. Kuna stesheni wagoni za mabati mawili, zenye vidirisha begani na pazia za rangi ya damu ya mzee, ambazo kwenye kadi zingali pikapu.